Salpa: Mnyama mwangavu anayezamisha kaboni vilindini mwa bahari

SALPA ni mnyama wa baharini mwenye mwili laini na mwangavu kama kioo, ambaye huelea majini na kuchukuliwa na mikondo. Umbo lake ni kama la pipa dogo lililo wazi pande zote mbili, na zaidi ya asilimia 90 ya mwili wake ni maji.

Wavuvi na waogeleaji wanaokumbana naye aghalabu humdhania kuwa konyeza, ambaye pia huitwa yavuyavu. Hata hivyo, wawili hao hawana udugu wa karibu. Salpa hana chembe za sumu za kuwasha ngozi, na katika ukoo wa viumbe yuko karibu zaidi na samaki, ndege na binadamu kuliko alivyo karibu na konyeza.

Licha ya udhaifu wa mwili wake, mnyama huyu ana nafasi kubwa katika maisha ya bahari. Anapozaana kwa wingi hula vijimea vya baharini kwa kiasi kikubwa mno, na kinyesi chake huteremka na kaboni hadi vilindini, mbali na hewa inayozidi kuipasha dunia joto. Aidha, kuongezeka kwake katika maji yanayozunguka bara la Antaktika kumezua maswali kuhusu mustakabali wa chakula cha nyangumi, sili na pengwini.

UKOO WAKE

Kuna aina zipatazo 45 za salpa duniani. Wanasayansi huwaweka katika kundi la tunikata, yaani wanyama waliovikwa kanzu. Kanzu hiyo ni ngozi ya nje iliyo laini, na ndani yake mna selulosi, kitu ambacho kwa kawaida hupatikana katika mimea. Tunikata ndio wanyama pekee wanaojulikana kujitengenezea selulosi.

Jamaa zao wengine huishi wakiwa wamejibandika kwenye miamba, nguzo za bandari na matumbo ya meli. Watoto wa jamaa hao hufanana na viluwiluwi vya chura, na mkiani wana uzi mgumu unaoitwa notokodi, ambao kwa wanyama wa jamii ya binadamu ndio unaotangulia uti wa mgongo. Salpa hapitii hatua hiyo ya kiluwiluwi, lakini jeni zake zinamweka katika ukoo huohuo.

Mnamo 2006, uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba tunikata ndio jamaa wa karibu zaidi wa wanyama wenye uti wa mgongo kati ya viumbe wote walio hai leo.

Jina salpa liliingizwa katika sayansi na Peter Forsskål, mtaalamu wa viumbe kutoka Uswidi aliyekuwa katika msafara wa Denmark uliotumwa Arabuni mwaka wa 1761. Forsskål alifariki nchini Yemen mnamo 1763 kabla ya kurejea kwao. Maandishi yake yalichapishwa mwaka wa 1775 na Carsten Niebuhr, mwenzake aliyenusurika katika safari hiyo.

Miongoni mwa aina alizozieleza Forsskål ni zile ambazo leo huitwa Thalia democratica na Pegea confoederata. Aina hizo mbili huishi katika maji yenye joto ya bahari mbalimbali, ikiwemo Bahari Hindi.

MWILI NA MWENDO

Salpa wadogo hawazidi urefu wa sentimita moja au mbili, ilhali wakubwa, kama vile wale wa jamii ya Thetys, hufikia takriban sentimita 30. Kwa kuwa mwili mzima unapenyeza nuru, kinachoonekana kwa urahisi ni utumbo tu, ambao hukunjamana na kuwa kitone chenye rangi.

Mwili wake umezungukwa na mikanda ya misuli, mfano wa pete za chuma zinazolishika pipa. Mikanda hiyo inapojibana, maji yaliyomo ndani husukumwa nje kupitia tundu la nyuma, na mnyama husonga mbele. Inapolegea, maji mapya huingia kupitia mdomo. Hivyo basi salpa huogelea, hupumua na hula kwa tendo hilohilo moja.

Moyo wake nao una tabia isiyo ya kawaida. Hupiga kwa muda ukisukuma damu kuelekea upande mmoja, husimama kidogo, kisha hugeuza na kuisukuma kuelekea upande wa pili.

Baadhi ya salpa huishi wakiwa wameungana katika minyororo. Katika aina fulani mnyororo huwa mrefu kiasi cha mita kadhaa, na katika nyingine wanyama hujipanga kwa mviringo kama gurudumu. Mnamo 2024, watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Oregon nchini Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi uliofanywa usiku katika bahari ya Hawaii. Picha zao zilionyesha kwamba minyororo hiyo hujizungusha ikienda, mfano wa parafujo inayopenya katika mbao.

CHAKULA

Chakula kikuu cha salpa ni vijimea, yaani mimea midogo mno inayoelea karibu na uso wa bahari na isiyoonekana kwa macho matupu. Vijimea hivyo ndivyo msingi wa chakula chote cha bahari kuu, kwani hutumia nuru ya jua na kaboni iliyoyeyuka majini kujenga miili yao.

Ili kuvinasa, salpa hufuma wavu wa ute ndani ya mwili wake. Maji yote yanayopita hulazimika kupenya wavuni, na kilichomo hukwama. Wavu huo huviringishwa na kuwa kama uzi, kisha humezwa pamoja na chakula kilichonaswa, huku wavu mwingine ukiendelea kufumwa nyuma yake.

Matundu ya wavu huo yana upana wa takriban sehemu moja na nusu ya elfu moja ya milimita. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba viumbe vidogo zaidi ya hapo, kama vile bakteria, hupita bila kudhurika. Utafiti uliochapishwa mnamo 2010 na wataalamu wa taasisi za Woods Hole na MIT nchini Marekani ulibainisha kwamba hata hao wadogo hunaswa, kwani hugusana na nyuzi za ute na kugandamana nazo.

Jambo hilo lina maana kubwa. Viumbe vidogo hivyo ni vyepesi mno kuzama vyenyewe. Vikiingia tumboni mwa salpa hufungwa pamoja katika vidonge vizito vya kinyesi, na safari ya kuelekea vilindini huanza.

VIZAZI VIWILI

Maisha ya salpa hupitia vizazi viwili vinavyopokezana. Kizazi cha kwanza ni cha salpa mpweke, anayeishi peke yake na asiye na jinsia. Mpweke huyu huotesha kikonyo ndani ya mwili wake, na kikonyo hicho huchipuza makumi au mamia ya salpa wadogo walio nakala zake. Hao hutoka wakiwa wameshikana, nao ndio wanaofanya mnyororo.

Kizazi cha pili ni hicho cha mnyororo. Kila salpa aliyemo huanza maisha akiwa wa kike, na katika aina nyingi hubeba yai moja tu. Yai hilo hurutubishwa na mbegu za kiume kutoka kwa minyororo iliyomtangulia kuzaliwa. Kijusi hukua ndani ya mama na kulishwa kupitia kondo, jambo ambalo wengi hulihusisha na wanyama wanaonyonyesha pekee.

Kijusi kinapokomaa huzaliwa na kuwa salpa mpweke. Mama naye hubadilika na kuwa wa kiume, akatoa mbegu za kurutubisha minyororo michanga. Kwa utaratibu huo, salpa wa mnyororo mmoja hawawezi kurutubishana wao kwa wao.

Aliyegundua siri hiyo ni Adelbert von Chamisso, mshairi mzaliwa wa Ufaransa aliyelelewa Ujerumani, ambaye alikuwa mtaalamu wa viumbe katika meli ya Kirusi iitwayo Rurik. Meli hiyo iliizunguka dunia kati ya 1815 na 1818. Kabla yake, mpweke na yule wa mnyororo walidhaniwa kuwa wanyama wa aina mbili tofauti.

Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1819, Chamisso alieleza kwamba salpa hazai mtoto anayefanana naye, bali mjukuu ndiye anayerithi sura ya nyanya. Dai hilo lilipingwa na baadhi ya wasomi wa wakati huo. Mnamo 1842, Japetus Steenstrup wa Denmark alionyesha kwamba kupokezana kwa vizazi kupo pia kwa wanyama wengine, na uchunguzi uliofuata ukathibitisha maelezo ya Chamisso.

KUZAANA KWA KASI

Faida ya utaratibu huo ni kasi. Vijimea vinapostawi, mpweke mmoja hahitaji kutafuta mwenzi ili azae. Huchipuza mnyororo baada ya mnyororo mradi chakula kipo.

Thalia democratica anahesabiwa miongoni mwa wanyama wanaokua kwa haraka zaidi duniani. Uchunguzi uliofanywa Australia na kuchapishwa mnamo 1972 ulionyesha kwamba, hali ikiwa nzuri, urefu wake huweza kuongezeka kwa asilimia 10 kwa saa moja, na kizazi kikakamilika katika muda wa siku mbili hivi.

Kwa sababu hiyo, eneo la bahari lililokuwa na salpa wachache huweza kufurika katika muda wa siku chache. Hata hivyo, wingi huo haudumu. Vijimea vikiisha, salpa hufa kwa pamoja kama walivyozaliwa, na baada ya majuma machache maji hurudia hali yake.

MAADUI NA WAPANGAJI

Kwa kuwa mwili wa salpa una maji mengi, lishe yake ni haba. Hata hivyo, wapo wanaomla, wakiwemo samaki mbalimbali, kasa na baadhi ya ndege wa baharini.

Adui wa ajabu zaidi ni Phronima, mnyama mdogo wa jamii ya kamba na kaa. Jike la Phronima humvamia salpa, humla sehemu za ndani na kubakiza kanzu tupu. Kisha huingia ndani ya pipa hilo, akalea watoto wake humo huku akiliendesha majini kama mashua.

KERO KWA MITAMBO

Salpa hawamdhuru mwanadamu mwilini, lakini wingi wao huweza kutatiza shughuli zake. Hujaza nyavu za wavuvi na kuziba vichujio vya mitambo inayovuta maji ya bahari.

Mnamo Aprili 2012, kituo cha umeme wa nyuklia cha Diablo Canyon katika jimbo la California, Marekani, kililazimika kuzima mtambo wake wa pili baada ya salpa kuziba vichujio vya maji ya kupoza mitambo. Mtambo wa kwanza ulikuwa tayari umesimamishwa kwa ajili ya kuwekewa fueli.

MZIGO WA KABONI

Vidonge vya kinyesi cha salpa ni vizito na vimeshikamana. Huweza kuzama hadi mita 1,000 kwa siku moja, ilhali chembechembe nyingi za baharini huteremka polepole na kuliwa au kuoza zikiwa bado karibu na uso wa maji. Kaboni inayooza juu hurejea hewani kwa urahisi. Inayofika vilindini huweza kukaa huko kwa karne nyingi.

Laurence Madin na Patricia Kremer, pamoja na wenzao, waliwachunguza salpa wa aina ya Salpa aspera katika bahari iliyo kaskazini mashariki mwa Marekani, katika safari zilizoanza mwaka wa 1975. Matokeo yao yalichapishwa mnamo 2006.

Kundi moja walilolikuta lilienea katika eneo la takriban kilomita 100,000 za mraba, ambalo ni karibu sudusi ya ukubwa wa Kenya. Watafiti hao walikadiria kwamba salpa hao walikula hadi asilimia 74 ya vijimea vya tabaka la juu kwa siku, na kwamba kinyesi chao kiliteremsha hadi tani 4,000 za kaboni kila siku.

Isitoshe, Salpa aspera husafiri wima. Usiku hupanda juu kula, na mchana hushuka mamia ya mita, katika giza ambako maadui hawamwoni. Kinyesi anachokitoa akiwa huko huwa tayari kimevuka sehemu kubwa ya safari.

Mizoga nayo huchangia. Mnamo 2012, kamera zilizowekwa kwenye sakafu ya bahari kwa kina cha takriban mita 4,000, mbali na pwani ya California, zilinasa picha za salpa wengi waliokufa pamoja na kinyesi chao vikianguka chini. Viumbe wa vilindini, ambao kwa kawaida huishi kwa makombo, waliifikia mizoga hiyo na kuila.

ANTAKTIKA: SALPA NA KRILI

Mahali ambapo ongezeko la salpa linafuatiliwa kwa makini zaidi ni Bahari ya Kusini, inayolizunguka bara la Antaktika. Salpa wa huko ni wa aina ya Salpa thompsoni, naye hula vijimea vilevile vinavyoliwa na krili.

Krili ni mnyama anayefanana na uduvi, na urefu wake ni kama sentimita sita. Ndiye chakula kikuu cha aina kadhaa za nyangumi, pengwini na sili wa eneo hilo. Fauka ya hayo, huvuliwa na meli kwa ajili ya mafuta na lishe ya samaki wa kufugwa.

Maisha ya wawili hao yanatofautiana sana. Krili huweza kuishi miaka mitano au zaidi, na watoto wake hutegemea barafu ya bahari wakati wa baridi, kwani hula vijimea vinavyoota chini yake. Salpa haishi zaidi ya mwaka mmoja hivi, haihitaji barafu, na hustawi hata palipo na vijimea vichache. Kwa upande mwingine, penye vijimea vingi kupita kiasi wavu wake wa ute huziba, na hapo krili humshinda.

Mnamo 1997, watafiti waliofanya kazi karibu na Rasi ya Antaktika walionyesha kwamba miaka yenye barafu nyingi huwa ya neema kwa krili, na miaka yenye barafu chache huwapa salpa nafasi.

Mwaka wa 2004, Angus Atkinson wa taasisi ya Uingereza ya utafiti wa Antaktika na wenzake walikusanya takwimu za nyavu tangu 1926. Walihitimisha kwamba krili walikuwa wamepungua katika sehemu ya bahari hiyo iliyo upande wa Atlantiki tangu miaka ya 1970, ilhali salpa walikuwa wameongezeka upande wa kusini. Kuhusu krili, wataalamu wengine waliochambua takwimu za miaka ya baadaye mnamo 2018 hawakuona upungufu huo, na mjadala ungali unaendelea.

Lisilo na mjadala ni kwamba salpa hawezi kuziba pengo la krili katika lishe ya wanyama wakubwa. Pengwini akijaza tumbo kwa salpa hupata maji mengi na mafuta machache, wala hapati cha kutosha kuwalisha makinda.

Kwa upande wa kaboni, hesabu ni ngumu zaidi kuliko ilivyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mnamo 2021 kuhusu Rasi ya Antaktika ulionyesha kwamba kinyesi cha salpa na cha krili huchangia kwa kiasi kinacholingana katika kuteremsha kaboni, kwa sababu sehemu kubwa ya vidonge vya salpa huvunjika kabla ya kufika mbali. Mwaka huohuo, utafiti mwingine ulibaini kwamba kinyesi cha salpa hutoa madini ya chuma ambayo vijimea huweza kuyatumia kwa wingi zaidi kuliko yale ya kinyesi cha krili. Chuma ni adimu katika bahari hiyo, na ukosefu wake huzuia vijimea kustawi.

UTAFITI

Ugumu mmoja wa kumchunguza salpa ni kwamba nyavu za kawaida humpasua vipandevipande. Kwa muda mrefu, wingi wake ulikadiriwa kutokana na mabaki tu. Ndiposa tangu miaka ya 1970 watafiti wakaanza kupiga mbizi na kumtazama akiwa hai majini, na siku hizi hutumia pia kamera za vilindini na vipimo vya jeni.

Mnamo 2023, barafu ya bahari ya Antaktika ilipungua hadi kiwango cha chini kabisa tangu setilaiti zianze kuipima mwishoni mwa miaka ya 1970. Hali hiyo ikijirudia, watoto wa krili watakosa makao yao ya majira ya baridi, na maji yaliyobaki wazi yatamfaa salpa. Matokeo yake yatategemea mambo mawili ambayo wataalamu wanaendelea kuyapima: ni kaboni kiasi gani itafika vilindini, na ni nyangumi na pengwini wangapi watakaobaki na cha kula.